Masika ya Presha ya Babu Mhina

Jumanne, 2 Machi 1976

Mimi Sadala Athuman, mwalimu wa kisomo cha watu wazima wa kijiji chetu hapa Misima, leo naanza kuandika mambo ya masika haya. Najua wapo watakaouliza, mwalimu gani aliyeishia darasa la sita? Waulize tu. Mimi na mwalimu mkuu tulihitilafiana juu ya nani atakata majani ya mbuzi wake, nikaona nimwachie shule yake aifundishe mwenyewe. Kusoma najua, na mwandiko wangu hata karani wa Chama anauonea wivu. Mwanafunzi wangu mgumu kuliko wote ni Bibi yangu Mwantumu. Nikimwambia aandike "ba", ananiuliza kama nimeshakula.

Mvua bado. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanakwenda zake.

Jumatano, 3 Machi

Shamba la kijiji. Jembe. Jua. Sina zaidi.

Ijumaa, 5 Machi

Mtu akisoma haya bila kumjua Babu yangu atakuwa amechosha macho yake bure, basi nimweleze. Babu Mhina ni baba wa baba yangu. Zamani alikuwa mnyapara kwenye shamba la mkonge kule Korogwe, mtu wa kofia na filimbi, akikohoa tu wakata mkonge wanaongeza mwendo. Siku hizi ni balozi wetu wa nyumba kumi, na ubalozi wenyewe anaufanya akiwa amekaa barazani kwenye kiti cha kamba. Ugomvi unamfuata pale pale. Akiinuka, tumbo linatangulia, yeye anafuata baadaye.

Tumbo hilo si la mchezo. Wageni wa wilaya wakija, mwenyekiti wa kijiji humkalisha Babu mstari wa mbele, katikati, ili wageni waone kwa macho yao kwamba ujamaa unashibisha. Mwaka ule wa njaa walimkalisha vivyo hivyo kwa mazoea. Mgeni akamtazama Babu, akatutazama sisi, akapunguza mahindi ya msaada.

Chakula chake ni ugali wa bada, ule wa muhogo, na samaki wa ng'onda wanaoletwa kutoka Tanga wamekaushwa kwa chumvi hadi wamekuwa kama ubao. Juu ya chumvi hiyo ya samaki anaongeza yake, maana kopo la chumvi linakaa mkono wake wa kulia kama mjumbe wa kamati. Huongeza kabla hajaonja. Ukimwuliza anasema, "Mkonge ulininyonya chumvi yote kwa jasho. Acha niirudishe." Akimaliza anasokota tumbaku.

Mimi na yeye ni watani, kama ilivyo kwa babu na mjukuu popote. Bibi ni mke wetu sote. Leo asubuhi:

"Shikamoo, mume mwenzangu. Tumbo limeamkaje?"

"Marahaba, mwizi wee. Limeamka, linauliza utaoa lini uache wake za watu."

"Nangoja wewe ufe nirithi."

"Utangoja mpaka meno yako yatoke, yaote mengine."

Baba yangu alikuwa ananoa jembe uani. Akainamisha uso. Baba Athuman ni mtu mwembamba, mkimya, na kwa baba yake hana mzaha hata wa dawa. Hakai naye benchi moja. Akiitwa, anaitika huku ameshatua jembe chini. Ndiyo desturi: mtoto humheshimu baba yake, mjukuu ndiye anayeruhusiwa kumtukana.

Jumamosi, 13 Machi

Maulidi. Pilau. Babu alikula mpaka shehe akasahau aliposoma.

Jioni alilalamika kisogo kinamgonga, na anaona nyota kwenye ukuta. Bibi amemfunga kanga kichwani. Nilimwambia amependeza, nimwoe na yeye. Alicheka, lakini taratibu, akiwa amekishika kichwa kwa mikono miwili.

Jumatatu, 15 Machi

Tumempeleka zahanati, mimi na Baba. Dokta wetu mpya anaitwa Laurenti, kijana wa Korogwe, na ana kile kipimo cha zebaki ambacho hapa kwetu hakijapata kuonekana. Babu alipomtazama tu akamtambua.

"Wewe si mtoto wa Fabiani, yule mkata mkonge?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Baba yako alikuwa mvivu."

"Alikuwa anakuogopa, mzee. Naomba mkono."

Akamfunga kitambaa, akaminya kimpira, zebaki ikapanda ndani ya kioo. Akasikiliza. Akarudia. Akahamia mkono wa pili, akarudia tena. Pale nikaacha kuchezea mlango.

"Mzee, presha yako iko juu."

"Kuliko ya nani?" Babu aliuliza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda mbio.

"Kuliko inavyotakiwa. Je, katika ukoo kuna mtu aliyewahi kuanguka ghafla, upande mmoja ukafa?"

Baba akajibu kwa sauti ndogo, "Baba mdogo Kibwana." Kibwana alikuwa mdogo wake Babu. Alikuwa anakula muhindi wa kuchoma, akasimama, akaanguka, na wiki haikwisha. Watu walisema katupiwa kitu, na jirani mmoja alihama kwa ajili hiyo.

Laurenti hakubishana na habari za kutupiwa. Alisema hivi, naandika kama alivyosema: "Damu ya ukoo, mzee, huwezi kuibadilisha. Lakini kuna vinne vinavyoisukuma presha na vyote viko mikononi mwako. Chumvi. Tumbo. Tumbaku. Na kukaa kutwa nzima." Akampa vidonge, na onyo kwamba avimeze hata siku asipoumwa, kwa sababu ugonjwa huu haupigi hodi.

Njiani Babu alimwambia kila tuliyekutana naye kwamba presha yake iko juu. Kijiji kizima hakuna mwenye presha kama yake.

Nyumbani Bibi akauliza dokta kasemaje. Babu akakaa kwenye kiti chake, akasema, "Kasema nisisumbuliwe."

Bibi akamgeukia Baba. Baba akatazama kucha za miguu yake. "Ndivyo, Mama."

Na mimi? Nilicheka. Chumvi nayo iwe ugonjwa? Basi bahari ingekuwa imekufa zamani.

Jumatano, 17 Machi

Hapa kijijini hakuna asiyejua presha inatokana na nini. Inatokana na mawazo na mshtuko. Kuna karani mstaafu kule mjini Handeni aliyepata presha, siku wakamletea habari za mwanawe kupata ajali, akakata roho na barua mkononi. Kwa hiyo kikao cha nyumba yetu kimeamua: Babu asisikie habari mbaya, asishike jembe, asitembee juani, na apikiwe vizuri ili moyo wake utulie.

Mbuzi wa Bibi amekufa leo. Babu kaambiwa amekwenda kupandwa na dume la kijiji cha Sindeni.

Jumamosi, 20 Machi

Mvua! Imekuja na radi, ikang'oa bati la ofisi ya kijiji. Babu kaambiwa ni bati lililokuwa limeoza, lilikuwa linabadilishwa.

Alhamisi, 25 Machi

Tunapanda. Matope mpaka magotini. Zamani Babu alikuwa anatufuata shambani na fimbo yake, anakagua mistari, anatukana. Siku hizi anabaki barazani, mvua inanyesha mbele yake kama pazia, naye anaitazama kama mtu aliyelipia kiingilio.

Ameshajua jinsi ya kuutumia ugonjwa wake. Bibi akisema nyama hakuna, anashika kifua: "Mwantumu, unataka kunipandisha presha?" Kuku mmoja chini. Mimi nikichelewa kumwashia tumbaku: "Sadala, moyo unakwenda mbio." Kopo la chumvi limejazwa mpaka juu ili asihangaike kuliulizia.

Jumapili, 4 Aprili

Watu wanaokuja kushtakiana kwa balozi wanazuiwa na Bibi pale kwenye ngazi, wanaambiwa wapatane hukohuko nje, kisha waingie kusema wamepatana. Leo waliingia mke na mume mkono kwa mkono, jicho la mume limevimba. Babu akaniuliza, "Hiki kijiji kimegeuka pepo lini, mume mwenzangu?"

Nikamwambia ni kazi ya Chama.

Vidonge ameacha. Kichwa hakimwumi, sasa anameza vya nini?

Ijumaa, 9 Aprili

Dokta Laurenti alipita na mwavuli wake kumtazama Babu. Babu alikuwa anakula. Dokta akaona ng'onda, akaona kopo, akaona mafuta ya kuku yanaelea kwenye bakuli, akaona vidonge vingi bado vimo kwenye karatasi yake. Alimwita Baba pembeni ya banda la mbuzi, nami nikaenda kuwatafuta mbuzi ambao hawakupotea.

"Ndugu Athuman, nyinyi mnamuua mzee kwa heshima."

"Dokta, asipate mshtuko ndivyo..."

"Mshtuko upi? Mkimwonea huruma, mwondoleeni lile kopo. Mwambie baba yako atembee, apunguze hicho chakula."

Baba akaegemea nguzo ya banda. Kisha akasema, "Nimwambie baba yangu asile? Kwa mdomo upi? Mdomo huu alioulisha yeye?"

Laurenti akafungua mwavuli wake, akaenda. Nikamwona Baba amesimama pale mvuani, anajikuna shingo, kama mtu aliyesahau nyumba yake iko wapi.

Jumatatu, 12 Aprili

Mvua. Matope. Bada. Ng'onda.

Jumanne, 13 Aprili

Vilevile.

Jumatano, 21 Aprili

Naandika haya Korogwe, Masuguru, nyumbani kwa Shangazi Mashavu, dada yake Baba. Mwandiko umepinda, mtu asinicheke.

Jana asubuhi Babu alikuwa barazani na kikombe cha chai. Mvua ilikuwa imepungua. Nikatoka ndani nikamwambia, "Shikamoo, mume mwenzangu. Usiku mke wetu aliniota."

Akanijibu. Lakini maneno yalitoka yamevunjikavunjika, kama mtu anayesema huku ana ugali mdomoni. Nikafikiri ananiigiza. Mara nyingi hufanya hivyo, anajifanya mlevi, anajifanya mzungu wa mkonge. Nikacheka. Nikamwigiza na mimi. Akasema tena, na tena sikuelewa, nikazidi kucheka nikijipiga mapaja. Kikombe kikaanguka. Hakukitupa, mkono ulikiacha wenyewe. Ndipo nikaona mate yanatoka pembe moja ya mdomo, na jicho la upande ule limelegea, na jicho la pili linanitazama. Lile la pili lilikuwa linaniomba niache kucheka.

Sikumbuki nilivyopiga kelele. Baba alikuja mbio kutoka shambani, jembe bado liko mkononi. Tukageuza kitanda cha kamba, tukamlaza, wanaume wa nyumba kumi wakaingia chini yake, tukatoka kwenye mvua. Mtu akiniuliza Babu ana uzito gani nitamwambia aulize mabega ya watu wa Misima. Kila tulipoteleza tulishuka wote, kila aliyeteleza alitukanwa. Mzee mmoja aliyekuwa mguu wa nyuma alisema, "Mwaka wa njaa tulimwonyesha kwa wageni, leo tunalipa." Hakuna aliyecheka, ila wote walisikia.

Zahanati, Laurenti akapima, akasema huyu aende Korogwe sasa hivi. Gari hakuna. Tukampandisha kwenye tela la trekta la kijiji, Laurenti akapanda naye, na Baba, na mimi. Baba alikaa kichwani kwa Babu, amemshikia turubai. Ni mara ya kwanza nimemwona akimgusa baba yake usoni. Alikuwa anampangusa mate kwa kiganja, halafu anajipangusa kwenye shati.

Trekta lilizama mara mbili. Mara ya pili tulishuka kusukuma, tukawa udongo mtupu. Tulipokaribia mto, daraja linaonekana, nikasikia sauti kutoka chini ya turubai. Nzito, yenye mkwaruzo, lakini ya kueleweka.

"Mbona mmenifunga kama robota la mkonge?"

Baba akalia. Mimi sikulia. Mvua iliniingia machoni.

Daktari wa hospitali amesema mshipa wa kichwani uliziba kidogo ukafunguka. Amesema haya ni maonyo, na onyo la namna hii mara nyingi huwa moja tu.

Jumamosi, 24 Aprili

Babu amelazwa. Anasema vizuri, mkono una ganzi kidogo. Uji wa hospitali hauna chumvi wala sukari. Anaukoroga, anaupa mgongo.

Nimemwamkia, "Shikamoo, Babu." Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Marahaba," akageukia ukuta.

Jumanne, 27 Aprili

Shangazi Mashavu anampenda baba yake kupita kiasi. Leo aliingia wodini na kitenge kimetuna. Ndani ya kitenge bakuli, ndani ya bakuli wali na samaki wa ng'onda.

"Kula, Baba. Wanakuua kwa njaa hawa. Umebaki mifupa." Mifupa! Kitanda kinalia akigeuka.

Nilijua ni vibaya. Daktari alishasema, Laurenti alishasema. Mimi, Sadala, ambaye mdomo wangu haujawahi kulala, nilikaa pale kwenye benchi nikitazama Babu anakula. Nani angemnyang'anya mgonjwa? Nikimtazama naliona lile jicho. Ulimi wangu umekuwa kama ule mkono wake, upo ila haunyanyuki.

Alhamisi, 6 Mei

Tumerudi nyumbani. Mahindi yamefika kifuani. Babu hakuyauliza.

Jumatatu, 10 Mei

Nyumba inanong'ona. Watu wanaingia wamevua viatu, wanamsalimu Babu kwa sauti ya msibani, wanatoka kinyumenyume. Bibi anapika bila chumvi kwa sababu Laurenti amemtisha, Babu anaonja, anasukuma sahani, na baada ya muda Bibi anashindwa, analeta kopo. Hakuna wa kulikataa. Vidonge anavificha chini ya ulimi, anavitema kwenye ua la Bibi. Ua limenyauka.

Jumatano, 12 Mei

Leo Baba aliniita. Alikuwa anafunga mlango wa banda la mbuzi, na aliendelea kuufunga muda wote alipokuwa anasema, ingawa ulikuwa umeshafungwa.

"Mwanangu, mimi baba yangu siwezi kumwambia acha. Mama yangu hawezi. Mashavu umemwona. Watu wa nyumba kumi hawawezi, yeye ndiye balozi wao."

"Ndiyo, Baba."

"Katika ukoo huu mzima, mtu anayeweza kuchukua kitu kwenye sahani ya mzee, na isiwe dhambi, ni mmoja."

Nikainama kuokota majani ya mbuzi.

"Unaogopa nini? Ulikuwa unamtukana kila siku, mimi nasikia, najifanya sisikii."

"Nilimcheka akiwa anaanguka, Baba."

Akauacha mlango. Hajawahi kunishika kichwa tangu nilipotahiriwa. Leo alinishika. "Alikuwa anaanguka mbele ya mtu anayempenda," akasema. "Wapo wanaoanguka peke yao. Nenda."

Alhamisi, 13 Mei

Sikwenda. Nilipita barazani mara nyingi tu, nikijifanya natafuta jembe.

Ijumaa, 14 Mei

Baada ya swala Babu aliniita mwenyewe. "Sadala. Kaa."

Nikakaa chini, adabu tupu.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Babu."

"Unaona? Babu, Babu. Tangu nirudi watu wananiheshimu mpaka nasikia harufu ya sanda. Nikasema angalau yupo yule mshenzi mmoja. Naye kaja, shikamoo Babu, mikono nyuma kama yuko mbele ya mkuu wa wilaya. Mtu hataniwi akiwa amekufa. Niambie tu kama nimekufa, nijilaze vizuri."

Nikaliona kopo la chumvi mkono wake wa kulia, limejaa. Nikalichukua.

"Lete hilo."

"Sileti. Wewe mzee una tamaa gani? Samaki ana chumvi, unamwongezea chumvi, unataka ukifa tusikuzike, tukuanike?"

Macho yake yakafunguka. "Unasemaje?"

"Tukuanike juu ya paa. Tukuuze Tanga kama ng'onda. Lakini nani atakununua, na mafuta hayo?"

Bibi alitoka jikoni amejishika mdomo. Baba, kule uani, alisimama. Babu alinyanyua fimbo, nami nikakimbilia chini ya ngazi na kopo langu.

"Rudi hapa, mwizi!"

"Nifuate! Mnyapara gani anasimamia kazi kwa makalio? Hata pale kwenye banda hufiki. Na usipofika, dawa yako nitaimeza mimi."

Alitukana kwa Kiswahili, akatukana kwa Kizigua, akamaliza kwa maneno ya kwenye mkonge ambayo hayaandikwi. Na katikati ya matusi hayo, akainuka. Akashuka ngazi. Akatembea mpaka banda la mbuzi akihema kama trekta la kijiji, ili tu anipige. Nikasimama nipigwe. Alinipiga mara moja, begani, polepole.

"Lete kidonge," akasema. Nikakaa naye mpaka kidonge kimepita koo, nikamfungulisha mdomo, nikachungulia.

Jumapili, 16 Mei

Leo tumefika kwenye mti wa mkwaju. Alinifukuza njia nzima.

Jumatano, 26 Mei

Kila mlo naonja mimi kwanza. Bibi anapika mchunga, yale majani machungu, kwa limau na kitunguu, chumvi kidole kimoja cha mtoto. Babu anasema anakula kama sungura wa Wizara ya Afya. Tumbaku imekuwa ngumu kuliko chumvi, tunapigana mieleka juu yake kila siku, na siku nyingine ananishinda. Mshindi si mimi kila mara. Lazima niwe mkweli hata kama sipendi.

Habari mbaya nazo tumeanza kumpa. Nilimwambia mbuzi alikufa tangu Machi. Akasema, "Nilijua. Dume la Sindeni lenyewe lilikufa mwaka juzi." Siku hiyo aliamua mashauri mawili ya kweli, yenye kelele, na alilala vizuri.

Jumamosi, 12 Juni

Mvua zimekwisha. Babu anafika shamba la kijiji kila asubuhi, bila kufukuzana. Amefunga mkanda kwa tundu jipya alilotoboa kwa msumari. Mwenyekiti analalamika kwamba wageni wa wilaya wanakuja mwezi ujao na hana mtu wa kumkalisha mbele.

Jumatatu, 28 Juni

Dokta Laurenti amekuja na kipimo chake mpaka nyumbani. Zebaki ya Babu imeshuka. Haijafika panapotakiwa, alisema, na vidonge ni vya maisha, lakini imeshuka. Babu alisononeka kidogo kusikia hana tena presha ya kumshinda kila mtu.

Kisha Laurenti akasema, "Niliwaambia hii inakwenda na damu ya ukoo. Leo nataka kuwapima wote."

Nikatangulia mimi. Safi kabisa, kama nilivyotegemea, mwili wa namna hii haupatikani wilaya nzima. Bibi, sawasawa. Ikafika zamu ya Baba.

"Mimi sina haja," Baba akasema. "Mimi mwembamba. Kutwa nalima. Kichwa hakijawahi kuniuma."

"Wembamba unasaidia, Ndugu Athuman, lakini haukupi kinga. Dakika moja tu."

"Nina kazi shambani." Na akachukua jembe.

Nilifungua mdomo nimtanie, nikaufunga. Kwa baba yangu sina ruhusa. Laurenti aliniangalia, nikainua mabega. Bibi akaangalia chini. Nyumba nzima ikawa ile ile ya mwanzo wa Mei, kila mtu anajua la kusema na hakuna wa kulisema.

Babu akasema, "Athuman."

Baba akatua jembe.

"Kaa hapa." Akaonyesha benchi, mahali pa karibu naye.

"Baba, mimi nitakaa hapa chini."

"Nimesema hapa."

Baba akakaa, ukingoni kabisa, kama benchi lina moto. Laurenti akamfunga kitambaa. Zebaki ikapanda. Akasikiliza, akarudia. Akahamia mkono wa pili. Nilishawahi kuona uso ule wa Laurenti, tarehe kumi na tano Machi.

"Iko juu," akasema. "Haijafika ile ya mzee. Umewahiwa mapema."

Baba alitazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Miezi yote hii alikuwa anakula sahani moja na Bibi na mimi, kwenye chungu kilekile cha ng'onda, akihofia presha ya mtu mwingine. Babu akamgeukia. Nilitegemea aseme neno kubwa. Alimwambia Bibi, "Athuman atakula kwenye sahani yangu kuanzia leo. Na atameza vidonge mbele yangu. Namjua huyu, alikuwa anatema kwinini tangu mtoto."

Jumanne, 29 Juni

Asubuhi walitoka kwenda shambani, wote wawili, mimi nikawa nawatazama kutoka barazani. Baba alikuwa nyuma yake, hatua kadhaa, kama mtu anavyomfuata baba yake. Walipofika kwenye kona ya ofisi ya kijiji Babu akasimama, akageuka.

"Mbona uko huko nyuma? Njoo hapa."

"Nakufuata, Baba."

"Unanifuata wapi? Njia hii unaijua. Sitaki kugeuza shingo kila mara kutazama kama bado upo."

Baba akasitasita. Kisha akapiga hatua, na nyingine, mpaka bega likawa sawa na bega. Wakaenda hivyo, mnene na mwembamba, taratibu, kwenye njia ambayo matope yake yamekauka. Babu akasema kitu ambacho sikukisikia. Baba akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma.

Bibi alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Tukasimama tukisikiliza mpaka wameingia kwenye mahindi.